Tulipokuwa Wana 4-K

Mwaka 1974 nilikuwa darasa la sita katika shule moja ya msingi si mbali na Mto Sosiani, hapa Eldoret. Wenzangu wa rika langu hawajasahau maana ya 4-K, chama chetu cha kilimo shuleni: Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya. Mfano ulitoka kwa vyama vya vijana vya 4-H vya Marekani, ukaletwa kwetu katika miaka ya uhuru, na Wizara ya Kilimo ndiyo iliyotutumia bwana shamba.

Si kwamba tulikuwa wageni wa jembe. Uasin Gishu ni nchi ya mahindi na ngano, na wengi wetu tulipalilia kabla ya kujua kusoma. Lakini shamba la nyumbani lilikuwa la baba. Bustani ya chama ilikuwa yetu. Kila kikundi kilipewa matuta yake na daftari lake. Humo tuliandika siku ya kusia mbegu, siku ya kupandikiza, madebe ya samadi, senti zilizotoka na senti zilizoingia. Mweka hazina alikuwa mtoto mwenzetu. Mwalimu mlezi alikagua hesabu na kutia sahihi, lakini fedha zitumike vipi tuliamua sisi, kwa kuinua mikono.

Tulipanda sukuma wiki, kabichi, karoti na vitunguu. Mama zetu walipokuja kutazama, waliuliza mbona hakuna mboga za kienyeji, managu wala saga, nasi tukaongeza matuta mawili. Hizo ndizo zilizokwisha upesi zaidi siku ya kuuza.

Eldoret iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Baridi ya usiku huchelewesha miche, na alasiri za msimu wa mvua huweza kuleta mvua ya mawe. Siku moja ilinyesha hivyo, kabichi zikachanika zote, na baadhi yetu tukalia. Bwana shamba alifika, akatupeleka moja kwa moja kwenye kitalu. Alikuwa ametuagiza tubakize miche ya akiba chini ya kichanja cha nyasi, nasi tulikuwa tumenung'unika. Jioni ile ile tulianza kupandikiza upya. Kabichi hizo za pili ndizo tulizopeleka kwenye shoo ya Chama cha Kilimo cha Kenya, tukasimama kando ya meza yetu tukiwaeleza watu wazima namna tulivyozilea. Nilijua siku ile kwamba mtoto naye anaweza kumfundisha mkubwa.

Baadaye nikawa mwalimu. Mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, kilimo kikawa somo la mtihani shule za msingi. Nia ilikuwa njema, lakini katika shule nilizofundisha niliona watoto wakikariri aina za udongo bila kuushika. Baya zaidi, shamba likawa mahali pa adhabu: aliyechelewa alikabidhiwa jembe. Mavuno yakaliwa na wasiolima. Kwa njia hiyo 4-K ilikufa mbele ya macho yangu, ingawa ardhi ilikuwepo na mvua haikukoma.

Mwaka 2021 serikali ilizindua upya vyama vya 4-K, nami nilifurahi sana. Tarehe 15 Agosti 2024 Eldoret ikatawazwa kuwa jiji, na majengo yanazidi kumeza viwanja vilivyolimwa mboga. Kwa hiyo nawaomba walimu na wazazi wa jiji letu: shule isikose bustani, hata kama ni ya magunia yaliyojazwa udongo kando ya ukuta. Msimpe mtoto jembe kama adhabu. Mpeni tuta, mpeni daftari, na akivuna, mavuno yawe yake.