Chuma Kisichojificha

Pikipiki kubwa hapa Sumbawanga ni za kuhesabu kwa vidole. Barabarani wametawala bodaboda wa cc 125 na 150, na wana haki yao: ndio wanaopeleka mahindi mashineni na wagonjwa hospitali. Sasa mtu akikwambia anauza Suzuki Bandit, cc 600, silinda nne, lazima ujiulize: huku juu itafanya kazi gani?

Mwenye nayo ni mzee mstaafu ambaye magoti yamemkatalia. Alisema milioni nne, akanyamaza kama baba anayetaja mahari.

Mama watoto ana hesabu nyingine. Hizo ni bati za nyumba tuliyoipandisha mpaka renta. Na hoja yake ni nzito, maana baridi ya Julai ya Ufipa haimsubiri mtu aezeke.

Mimi nilichokipenda ni ule utupu wa pikipiki. Haikuvishwa plastiki, injini iko nje yote. Ikivuja utaona, bolti iliyolika utaiona. Niliigusa injini kabla haijawashwa: ya baridi. Muuzaji anayeipasha moto kabla hujafika ana jambo. Nikalinganisha namba ya chesisi na ya kwenye kadi, nikakagua shokapu za mbele kama zinatoa mafuta. Zote safi. Ila plagi zilitoka nyeusi tii.

Mzee akacheka. “Huo si ugonjwa wa injini, mwanangu. Ni mlima.”

Kweli. Mji wetu uko kama mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, kwa hiyo kabureta iliyosetiwa Dar es Salaam huku inazidisha petroli. Dawa yake ni jeti ndogo zaidi.

Nikawakumbuka wazee wa Kifipa na malungu yao, zile tanuri ndefu za udongo za kuyeyushia chuma, zilizovuta hewa zenyewe bila mivukuto. Hata kwao, chuma kilitegemea hewa.

Mara ya pili nilikwenda na mama watoto. Akauliza, “Shikamoo, baba. Ulipoinunua hii, mama alisemaje?”

“Alipanda.”

Hakujibu, ila njia nzima alikuwa anatabasamu. Tumekubaliana hivi: mahindi yakiuzwa, bati kwanza. Kikibaki cha kutosha, tutarudi wote wawili. Mzee amesema atasubiri. Lakini kila Jumamosi anaiwasha, na sisi nyumbani tunaisikia.