SAA YA SIKU 400 HUKO MANIKA

Mwezi wa Juni tulisafiri kutoka Likasi, tukapita Fungurume, tukavuka mto Lualaba, hata tukafika Kolwezi. Mji huu wa machimbo uko juu ya uwanda ulioinuka mita zipatazo 1,400 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa majira hayo baridi hupenya hata blanketi mbili. Una komuni mbili, Dilala na Manika. Sisi tulipokewa Manika, nyumbani kwa mzee mmoja aliyestaafu kazi ya machimbo.

Sebuleni, juu ya kabati, tuliona saa ndani ya kuba la kioo. Chini ya uso wake zilining'inia tufe nne za shaba njano, kimya kabisa.

"Mwalimu," mzee akatuambia, "saa hii niliinunua kwa Mzungu aliyeondoka baada ya vita vya Mei 1978. Marehemu mama watoto ndiye aliyeitia ufunguo, mara moja kwa mwaka, siku ya ndoa yetu. Siku hizi haiendi tena. Watoto wanasema niiuze kwa wanunuzi wa shaba kuukuu."

Saa za namna hii huitwa saa za siku 400, kwa kuwa kamani yake ikikazwa mara moja huiendesha kupita mwaka mzima. Mjerumani Anton Harder aliibuni karibu na mwaka 1880. Tufe zake haziyumbi kama timazi ya saa ya ukutani, bali hujizungusha polepole, mara 8 hivi kwa dakika, zikishikwa na utepe wa madini mwembamba kama unywele. Utepe hujisokota, kisha hujisokotoa.

Tuliigeuza, tukasoma jina kwenye bamba la nyuma: Kieninger & Obergfell, kiwanda cha St. Georgen, Ujerumani. Jina hilo ni jambo kubwa, maana kila aina ya saa ina utepe wa unene wake. Mmarekani Charles Terwilliger alitoa kitabu chenye michoro ya mabamba hayo, ili mafundi wazitambue saa hizo.

Kumbe, fundi mmoja wa zamani alikuwa ametia waya mnene badala ya utepe! Hapo nguvu haikutakiwa, bali subira. Tuliagiza utepe wa milimita 0.10, na mwezi wa Agosti tukarudi Manika. Kwanza tuliilegeza kamani kidogo kidogo, kwani ikifyatuka huvunja meno ya magurudumu, hata kidole cha fundi. Kisha tukaiweka saa sawasawa kwa pimamaji, mbali na ukuta wa barabarani, unaotikiswa na malori ya madini. Siku ya kwanza ilisimama mara mbili. Tukageuza kichwa cha utepe kwa upana wa ukucha tu, hata mlio wa kulia na wa kushoto ukalingana.

Tufe zikazunguka. Mzee alizitazama kwa muda mrefu bila neno, mwisho akasema: "Mwaka huu ufunguo nitautia mimi."

Shaba njano ni shaba nyekundu iliyochanganywa na zinki. Union Minière iliundwa mwaka 1906, na tangu ianze kuyeyusha shaba, shaba ya nchi hii imekuwa ikisafirishwa ng'ambo kwa tani nyingi. Basi kipande kidogo kilichomo nyumbani, chenye kumbukumbu ya mama wa watoto, tusikiuze kwa kilo kabla ya kujua kimeharibika nini.