Sakafu

Queensbury ni mtaa uliozaliwa bila jina. Kituo chake cha treni kilifunguliwa mwaka 1934, na jina likapatikana kwa shindano la gazeti, lioane na la jirani yake, Kingsbury. Humo anaishi mwanamke wa Unguja ambaye, baada ya uzazi wa pili, alipatwa na jambo asilojua kulitaja. Akipiga chafya, mkojo humtoka, akicheka, humtoka. Akaacha kwenda harusini, na safari zake akazipima kwa vyoo vilivyopo njiani.

Mama yake alimjibu kwa simu, kwa upole: "Mwanangu, ndiyo uzazi huo. Utazoea." Katika arobaini yake tumbo lilifungwa mkanda na mwili ukakandwa kwa maji ya moto, mahali palipobeba mzigo wote hapakutajwa. Mficha uchi hazai, husema wahenga. Lakini akishazaa, huhimizwa kuuficha tena.

Hatimaye alimweleza mkunga, akapelekwa kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Mkalimani alisita kidogo, kisha akasema: misuli ya sakafu ya nyonga. Mwanamke akacheka. Kwao, sakafu ni chokaa na kokoto zilizopondwa kwa vipande vya mti, siku baada ya siku, kwa nyimbo, mpaka zikashikana zisipitishe maji.

Akafundishwa: akaze kama azuiaye mkojo na upepo kwa pamoja, bila kubana makalio wala pumzi, ashikilie kidogo, kisha alegeze kabisa. Mara 8 kwa uchache, mara 3 kwa siku, kwa muda wa miezi 3 au zaidi. Asijizoeze kwa kukatiza mkojo chooni. Na mjamzito asingoje kujifungua: anayeanza mapema hupunguza uwezekano wa kuvujwa.

Sasa hukaza akiwa amesimama kituoni, katikati ya watu, wala hakuna ajuaye. Wiki za kwanza hakuona tofauti. Mwezi wa tatu alipiga chafya, akabaki mkavu.

Alipompa mama yake habari hiyo, simu ilinyamaza kitambo. Kisha mama akauliza kwa sauti ndogo: "Na mtu mzima kama mimi, yanamfaa?"

"Yanakufaa, mama."

Wakaanza kuhesabu pamoja.