Nilivyokutana na askari mweusi Magdeburg

Wiki hii weka kando kidogo mambo ya dansi na nani kamchukua nani, maana nakupeleka majuu. Na si majuu ya kupiga picha mbele ya maduka. Nakupeleka kanisani. Tulia.

Nipo Berlin wiki ya tano sasa. Dada yangu wa tumbo moja ameolewa huku, na ndiye aliyenikatia tiketi nije nishangae mji. Shemeji ni fundi umeme, mtu mpole, aliwahi kukaa Moshi miaka miwili na Kiswahili chake kinapanda na kushuka kama daladala kwenye mashimo. Jumatatu hadi Ijumaa anavuta nyaya. Jumamosi anakuwa askari wa mwaka 1250.

Usicheke. Mimi nilicheka na nikajuta.

Huku wapo watu wazima, wenye kazi na watoto wao, ambao wikiendi wanapiga kambi porini, wanavaa, wanapika na kulala kama mababu zao. Wengine wanaigiza Warumi, wengine vita vya Napoleon. Kundi la shemeji limechagua miaka kumi tu, 1245 hadi 1255. Ukiingia na kiazi kambini mwao unatolewa nje, maana wakati huo viazi vilikuwa bado havijavuka bahari kutoka Amerika. Nyanya vilevile. Nimekula uji wa shayiri na vitunguu mpaka nikauota ugali.

Wana neno moja wanalolipenda kuliko bia: Beleg. Maana yake ushahidi. Ukija na mkanda mpya, mwenzako anakuuliza, Beleg? Yaani uoneshe umeutoa wapi: kwenye kaburi lililochimbuliwa, kwenye picha ya kitabu cha wakati ule, au kwenye sanamu. Kusema "nimeona kwenye sinema" kwao ni sawa na kutukana. Shemeji alinionesha deraya yake, lile shati la pete za chuma. Pete maelfu kwa maelfu, kila moja imepita ndani ya nyingine nne na kufungwa kwa ribiti ndogo kuliko kichwa cha kiberiti. Ya kwanza aliyonunua kwa bei poa ilikuwa na pete zilizokunjwa tu, hazina ribiti. Wenzake wakamsema mpaka akaiuza. Hii ya sasa nikajaribu kuinyanyua kwa mkono mmoja. Kilo 12! Nikairudisha taratibu.

Sasa sikiliza mkasa. Jumamosi ya kwanza walinivika kanzu ya sufu, wakanipa kazi ya kuchota maji na kuchochea moto. Nikawa najiona mtu. Akatokea jamaa mmoja mwenye ndevu nyekundu, akaniangalia juu mpaka chini, akamgeukia shemeji na kusema maneno mengi ya Kijerumani. Mimi nikaelewa moja tu.

Beleg.

Msomaji, mimi si mtoto. Nilijua anauliza nini: mtu mweusi hapa, mwaka 1250, ushahidi uko wapi? Kambi nzima ikanyamaza. Shemeji akawa mwekundu kama zile nyanya zilizopigwa marufuku. Nikaivua kanzu, nikaikunja vizuri, nikaenda kukaa kwenye gari. Dada aliposikia jioni alitaka ampigie simu yule bwana, amweleze kwa Kijerumani kwanza halafu amalizie kwa Kichaga. Shemeji akamzuia.

"Shemeji," akaniambia, "Jumanne sina kazi. Twende Magdeburg. Mimi nataka kuona mgongo. Wewe utaona uso."

Sikumwelewa hata kidogo.

Magdeburg iko magharibi ya Berlin, kama saa moja na nusu kwa treni, kando ya mto Elbe. Mji ulipigwa vibaya na mabomu usiku wa Januari 16, 1945, na sehemu kubwa ulijengwa upya baada ya vita, kwa hiyo ukishuka stesheni huwezi kudhani uko kwenye mji wa makaizari. Lakini kanisa kuu lipo. Lilianza kujengwa 1209 baada ya lile la zamani kuungua, na minara yake ni ya mita 100 hivi, shingo inauma kuitazama. Leo ni la Walutheri, kwa hiyo ndugu zangu wa KKKT mkifika huko mko nyumbani. Ndani amezikwa Kaizari Otto wa Kwanza, aliyefariki 973. Watalii wote wanakimbilia kwake. Sisi tulimpita kama vile hatumjui.

Shemeji akanipeleka mpaka karibu na madhabahu, akanisukuma begani. "Huyo."

Wee acha tu. Nilidhani nimekutana na mjomba. Pua pana, midomo mizito, macho ya mtu anayekusikiliza huku ana lake moyoni. Uso mweusi, rangi bado ipo. Na si Mzungu aliyepakwa masizi, hapana, fundi aliyechonga jiwe lile alijua uso wa Mwafrika ulivyo. Kichwani na shingoni amezungukwa na kofia ya deraya, pete kwa pete. Miguu yake kuanzia magotini haipo tena, na mkono uliokuwa umeshika mkuki umebaki mtupu. Lakini amesimama kama mwenye nyumba.

Huyo ndiye Mtakatifu Maurice. Hadithi ya kanisa inasema alikuwa kamanda wa kikosi cha askari Wakristo kutoka Thebes, Misri, ndani ya jeshi la Roma, na kwamba katika karne ya 3 waliuawa mahali ambapo leo ni Uswisi kwa sababu walikataa amri ya Kaizari. Otto akamfanya mlinzi wa Magdeburg. Wachoraji wakawa wanamchora mweupe miaka nenda rudi, mpaka kati ya 1240 na 1250 fundi mmoja asiyejulikana jina akamchonga huyu. Ndiyo sanamu ya kale kuliko zote zinazojulikana inayomwonesha Maurice akiwa mweusi.

Wakati mimi natazamana na mjomba, shemeji alishazunguka nyuma, amepiga goti, daftari mkononi, anahesabu kwa sauti. Mlinzi akakohoa. Shemeji hakusikia.

Anahesabu ribiti. Juu ya deraya Maurice amevaa koti lisilo na mikono, na kifuani kuna vichwa vya ribiti vimepangwa mistari. Kila mstari unakuambia kwamba ndani, upande usiouona, kuna bamba la chuma limepigiliwa kwenye ngozi. Kwa mkao wa leo ungesema fulana ya kuzuia risasi. Koti lenyewe linafungwa nyuma, ndiyo maana alitaka mgongo. Sanamu hii ni moja ya ushahidi wa mapema kabisa wa vazi hilo katika Ulaya nzima. Yule fundi hakujua Mrumi wa karne ya 3 alivaa nini, hivyo akamvika mtakatifu wake kama askari aliyemwona akipita barabarani. Zile chapeo na dirii tulizokuwa tunasomewa Sunday School, mimi nilikuwa nazisikia tu. Siku hiyo nilizisogelea mpaka karibu nizinuse.

Ugumu ni huu. Jiwe linaonesha nje tu. Mabamba ya ndani yalikuwa mangapi, marefu kiasi gani? Ushahidi mzuri wa ndani umetoka mbali, Visby, kwenye kisiwa cha Gotland huko Sweden. Julai 1361 jeshi la mfalme wa Denmark liliwachinja wakulima nje ya kuta za mji, na maiti wengi wakafukiwa na mavazi yao. Makaburi yalipochimbuliwa, kuanzia 1905, makoti ya aina hii yakatoka na mabamba yake. Safi! Lakini hesabu mwenyewe: kutoka Maurice mpaka Visby ni zaidi ya miaka 100. Ni kama mtu achukue bomba la moshi la gari la leo aseme ndivyo magari ya 1920 yalivyokuwa.

Basi shemeji ana mabamba yamekatwa, yako stoo, na kwa miezi minane hajatoboa tundu hata moja. Mafundi wa Gerezani wangeshamaliza na kuanza la pili.

"Si utoboe tu?" nikamwambia. "Nani atajua?"

Akaniangalia kama nimemtukania mama yake. "Mimi nitajua."

Nikanyamaza. Nikapiga picha: uso, kifua, mgongo, halafu uso tena.

Jumamosi iliyofuata nilirudi kambini na simu yangu mfukoni. Ndevu Nyekundu alikuwa amekaa, koti lake magotini, anakaza ribiti. Nikamwekea picha mbele ya macho. Na hapa ndipo nilipochoka, msomaji. Akacheka, akasema anamjua sana huyo, hilo koti lake amelinakili kutoka kwake! Akatoa mfuko wa ngozi, akatoa mchoro uliochakaa kwa kukunjwa. Kweli alikuwa Maurice, ribiti zote zimehesabiwa. Kuanzia shingoni mpaka magotini.

Kichwa hakikuwepo.

Aliutazama mchoro wake, akaitazama simu yangu, akarudi kwenye mchoro. Kwa miaka yote hiyo alikuwa anavaa kifua cha mtu na hajawahi kumuuliza ni nani. Lakini Mjerumani ni Mjerumani, hoja hakukosa. Huyu ni mtakatifu, akasema, na mtakatifu wa kwenye jiwe si mtu aliyechota maji hapa. Niwe mkweli, hiyo ni hoja yenye mashiko. Mimi mwenyewe nisingeweza kusema sanamu moja inanipa uraia wa mwaka 1250.

Shemeji akajibu bila kuinua macho kwenye sufuria. Mwaka 1235 Kaizari Frederick wa Pili alipita Ujerumani na msafara wake, na mwandishi wa wakati ule akaorodhesha alichokuwa nacho: ngamia, nyani, chui, Waarabu, na Waethiopia, jina walilowaita watu weusi. Msafara wa namna hiyo, akasema, lazima mtu achote maji.

Kimya. Ndevu Nyekundu akainuka, akaenda mwenyewe kwenye sanduku, akaleta ile kanzu ya sufu na kunikabidhi kwa mikono miwili. Akasema neno la samahani, la Kijerumani, fupi. Nikalipokea. Nikavaa.

Akarudi nyuma hatua moja kunitazama, macho yakashuka mpaka chini, yakagota.

"Viatu," akasema. "Beleg?"

Nilikuwa nimevaa raba.

Kwa hiyo sasa nashona. Viatu vya wakati ule vinashonwa ndani nje, halafu unavilowesha na kuvigeuza kama soksi. Nimejidunga sindano mara sita, dada ananicheka. Cha kushoto kimekwisha. Cha kulia, tuonane wiki ijayo.