Springi Laini, Usukani Mwepesi

Ufundi nilijifunzia Kirinyaga Road, Nairobi, mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakati wazee wa kazi wote bado wakiiita Grogan. Pale duka la spea limebanana na duka la spea, na fundi anafungua injini kando ya barabara huku mwenye chombo amemsimamia kichwani. Mwalimu wangu alikuwa mtu wa pikipiki. Hakuniruhusu kushika spana kabla sijaendesha kilicholetwa, hata kama mwenye chombo alishasema kina shida gani. "Mteja atakwambia anachosikia," alikuwa akisema, "wewe nenda ukasikie mwenyewe." Agizo hilo nimelishika hadi leo.

Baadaye nilihamia Kawangware, nikakodi kibanda cha mabati karibu na Naivasha Road. Tuktuk zilikuwa zimeanza kuwa nyingi upande wetu wa magharibi: Yaya, Hurlingham, Junction, Lavington, zikibeba watu na vifurushi vyao vya sokoni. Mafundi wengi walizidharau. Mimi nilizipenda tangu siku ya kwanza. Ni chombo cha starehe: paa juu, kiti kipana nyuma, springi laini zinazomeza matuta. Mama mwenye mtoto mgongoni anapanda bila kuhangaika.

Lakini dereva naye ana haki yake. Wengi wa vijana walioniletea tuktuk walikuwa wametoka kwenye bodaboda, wamezoea chombo kinachoitikia mara moja. Wakishika usukani wa tuktuk wanahisi wamekalishwa kwenye kochi. "Fundi, hii kitu imelala," wananiambia. "Iamshe." Na mtaani jibu lilikuwa tayari: toboa ekzosi ilie, kata springi ishuke chini, bandika stika. Hiyo kazi nimeikataa maisha yangu yote. Ekzosi iliyotobolewa inampigia abiria kelele na haivuti zaidi hata kidogo. Springi iliyokatwa inabaki fupi na ngumu, inagonga mwisho wake kwenye kila shimo, na gurudumu likiruka hewani halina mshiko wowote barabarani.

Tuktuk nyingi hazikuwa zimelala. Zilikuwa zimelegea, na hayo ni mambo mawili tofauti. Starehe inatoka kwenye springi. Ulegevu unatoka kwenye mianya: bushi iliyolika, waya wa klachi uliovutika, beringi iliyochoka. Unaweza kuondoa ulegevu wote bila kumnyang'anya abiria ulaini wake.

Mimi huanzia mbele. Gurudumu moja la mbele ndilo linaloamua tabia ya chombo kizima. Mtindo wake ni wa zamani. Piaggio ya Italia ilipotoa Ape mwaka 1948, iliyochorwa na Corradino D'Ascanio, mhandisi wa ndege, ilikuwa skuta ya Vespa iliyoongezewa gurudumu nyuma. Gurudumu la mbele lilishikwa upande mmoja tu, kama la ndege. Kampuni ya Bajaj nayo iliunda Vespa kwa leseni kule India, na ukichungulia chini ya tuktuk zake za leo utaona damu ni ileile.

Naweka kipande cha mbao chini hadi gurudumu la mbele lielee. Kisha nausukuma usukani kwa kidole kimoja. Usukani mzima huanguka wenyewe upande wa kulia au wa kushoto, polepole, bila kukwama. Mgonjwa hukamata katikati, pale pa kwenda moja kwa moja: unasikia kama kishimo kidogo, halafu unaachia. Ni vikombe vya beringi vilivyopigwa na mashimo ya barabara hadi gololi zikachimba makao yao. Dereva mwenye usukani huo hurekebisha njia kila sekunde bila kujua, na jioni mabega yanamuuma. Badilisha vikombe na gololi, tia grisi safi, kaza nati mpaka mwanya uishe na usizidishe. Nimewaona vijana wakirudi kutoka mzunguko wa kwanza wakiniuliza nimewawekea injini gani.

Kisha upepo wa tairi. Ni jambo dogo ambalo wengi hulipuuza: tairi mbili za nyuma zikitofautiana, chombo kinavuta upande mmoja na kona za kushoto hazifanani na za kulia. Kisha breki. Ni za ngoma, zinasukumwa na mafuta, na mafuta yakiingiwa na hewa pedali inakuwa sponji. Nikishaitoa hewa hiyo, dereva anajua mguu wake umeshika nini.

Injini ndiyo ninayoifikia mwisho, na hapa Nairobi ina shauri lake. Katikati ya jiji tuko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na Dagoretti inakaribia 1,800. Hewa ni nyepesi. Injini ndogo ya petroli inapoteza sehemu ya nguvu yake kwa sababu hiyo pekee, na hakuna fundi wa kuirudisha yote. Tuktuk iliyonunuliwa Mombasa ikiwa imezoea hewa ya pwani hufika hapa inanuka petroli, plagi nyeusi kwa masizi, na ukiipandisha Valley Road kutoka mjini inakohoa. Kabureta inamwaga mafuta ya hewa ambayo haipo. Jeti ndogo zaidi, kichungi safi, valvu zikipimwa, na mlima uleule inaupanda bila kulalamika.

Mama mmoja wa Kangemi alikuwa na tuktuk mbili na madereva wawili vijana. Alikuja na mmoja wao, amekasirika.

"Fundi, huyu anataka umtengenezee ya mashindano. Mimi nataka wateja wangu wakae."

"Mama, tutapata zote mbili," nilimwambia. "Kijana wangu, twende."

Nilimpeleka mwenyewe hadi James Gichuru Road, yeye akiendesha, mimi nimekaa nyuma. Aliingia kona kwa kasi, akafunga breki akiwa ndani ya kona, na nikahisi gurudumu la ndani likipungua uzito. Nilimwambia asimame. Nikamweleza kwamba tuktuk haina gurudumu la pili mbele la kumshika. Ukifunga breki ndani ya kona uzito wote unakimbilia kwenye hilo moja, na chombo kinatafuta pa kulala. Maliza breki ukiwa bado umenyooka, ingia polepole, kisha vuta taratibu ukitoka, ili uzito urudi kwenye yale mawili ya nyuma. Alirudia kona ileile. Alitoka akiwa na kasi zaidi kuliko mwanzo, nami kule nyuma sikuhitaji kushika chuma. Alicheka kwa furaha, nami nikacheka naye. Hiyo ndiyo raha niliyotaka aijue.

Siku hizi naletewa za umeme. Mota haijali wepesi wa hewa, inavuta tangu mguso wa kwanza, na vijana wanazifurahia. Barabara ya juu iliyofunguliwa 2022 hadi Westlands hairuhusu magurudumu matatu, kwa hiyo kazi yao iko huku chini kwetu, kwenye matuta na mashimo yaleyale. Betri ni nzito, na uzito huo unakula bushi na vikombe vya beringi mapema kuliko petroli ilivyokuwa ikivila. Nimemwonyesha mwanafunzi wangu kile kipande cha mbao. Wiki hii anafungua usukani wa tuktuk ya umeme peke yake, na kabla ya kuufungua nimemtuma akaiendeshe kwanza hadi Dagoretti Corner na kurudi.