Paka Mmoja, Majina Manne: Siku Tano za Kumtafuta Boflo Kendwa

Ukipoteza simu Kendwa, watu wanakupa pole. Ukipoteza paka, wanacheka kwanza. Wakimaliza kucheka wanakuuliza: "Paka? Si uokote mwingine tu?"

Na kusema kweli Unguja paka wamejaa. Nenda Forodhani jioni, wako chini ya meza za pweza na mishikaki wanasubiri chako. Nenda sokoni Darajani, wako kwa wauza samaki kabla ya wateja. Lakini huyu wa Kendwa alikuwa ni amana ya mtu, na amana huwezi kuokota nyingine barabarani.

Dada mwenyewe ni mtu wa bara, katokea Iringa, yuko mapokezi kwenye hoteli moja ya Kendwa mwaka wa pili sasa. Alikuwa anapanga chumba kijijini, nyuma ya mahoteli, na shosti wake mmoja ambaye ni mwenyeji wa hapo hapo. Mwaka jana shosti akapata kazi za ndani Muscat, mkataba wa miaka 2. Siku ya kuondoka akamkabidhi mwenzake paka. Dume, rangi ya mkate ulioiva vizuri, mkia umekatika nchani. Ndiyo maana akaitwa Boflo, kama Wazanzibari wanavyouita mkate.

"Nakuachia huyu. Nikirudi nimkute."

Tangu hapo kila Ijumaa, ambayo ndiyo siku yake ya kupumzika, shosti anapiga video. Saa 10 jioni za Unguja, saa 11 za Muscat. Habari za Kendwa hata haulizi sana. Anasema tu, "Nioneshe mwanangu." Boflo anasogezwa kwenye kamera, anapiga miayo, mtu wa Muscat anacheka mpaka anafuta machozi. Kule anaishi ndani ya nyumba ya watu, anaamka kabla yao, analala baada yao. Zile dakika 20 za Ijumaa ndizo zake.

Sasa bwana, Boflo akapotea Jumamosi usiku.

Jumamosi ya Full Moon Party, ile sherehe ya mwezi mpevu inayoleta watu Kendwa kutoka kisiwa kizima. Bodaboda mpaka alfajiri, muziki unatingisha madirisha, magari yanapita kwenye vichochoro ambavyo siku nyingine hupiti hata na toroli. Dada alikuwa zamu. Aliporudi Jumapili asubuhi, sahani ya dagaa ilikuwa haijaguswa.

Jumapili akatafuta vile ambavyo wengi tungetafuta. Jua la saa 7 mchana, anazunguka anaita "Boflo! Boflo!" kwa sauti. Hakuna kitu. Jioni akaweka picha kwenye stetasi ya WhatsApp. Majibu? Emoji za kucheka 14. Mmoja akaandika, "Mnahangaika na paka na maisha haya?" Mwingine, namba ngeni kabisa, akasema anaye, atume elfu 20 ya kifuta jasho pamoja na ya kutolea. Alipoombwa picha akatuma paka mweusi. Mweusi tii, jamani.

Jumatatu ndiyo ikauma zaidi. Alisimama kwenye kichochoro chake akagundua hajui abishe hodi kwa nani. Mwaka wa pili! Anatoka alfajiri, anarudi usiku, siku ya mapumziko analala. Kazini anamsalimia mgeni kwa Kiingereza, anamuuliza Muitaliano kwa Kiitaliano kama amelala vizuri. Lakini jina la bibi wa mlango wa pili alikuwa halijui. Kila siku ni "Shikamoo" na "Marahaba", basi, kila mtu na njia yake.

Ni huyo huyo bibi aliyemsimamisha Jumanne. Alikuwa barazani anapepeta mchele.

"Wamtafuta nani, mwanangu? Siku ya tatu hii nakuona wazunguka."

"Boflo, bibi."

"Boflo gani?"

"Paka wangu. Wa rangi ya mkate, mkia umekatika."

Bibi akaweka ungo chini. "Aaa! Huyo si Boflo. Huyo Sultani. Kila adhuhuri yuko hapa, hula kwangu."

Kumbe! Watoto wa chuoni waliokuwa wanapita wakadakia: wao wanamwita Messi, kwa sababu anawapokonya mpira. Na mvuvi wa nyumba ya kona, anayekwenda na boti za dagaa za Nungwi, anamwita Mdeni, maana anakula kila siku na hajawahi kulipa. Siku tatu dada alikuwa anauliza mtaa mzima habari za Boflo, na mtaa mzima ulikuwa haumjui Boflo.

Wote walimjua paka mwenyewe, na wote walikuwa hawajamuona tangu Jumamosi. Bibi alidhani kafungiwa ndani na dada. Dada alidhani kaibiwa. Watoto walidhani kahama.

Pale Unguja paka anaingia nyumba yoyote bila hodi, na hilo lina mizizi. Bibi akakumbushia hadithi iliyopokewa na Abu Qatada, aliyeinamisha chombo cha maji ya udhu paka anywe, kisha akatawadha kwa yaliyobaki. Mtume kasema paka si najisi, ni katika wale wanaotuzunguka majumbani. "Sasa kama hutuzunguka sote," bibi akasema, "tutamtafuta sote."

Kuanzia hapo msako ukapata akili.

Mvuvi alifuta pwani kwanza. Boti za dagaa huwavuta samaki kwa taa, na wiki ya mbalamwezi taa haifui dafu, kwa hiyo wavuvi wa dagaa wamepumzika. "Hakuna dagaa, hakuna Mdeni. Pwani msipoteze muda."

Usiku dada naye akaingia mtandaoni, safari hii kusoma badala ya kupost. Akakutana na utafiti uliochapishwa mwaka 2018 na watafiti wa Australia na wenzao, kuhusu paka 1,210 waliopotea. Kati ya waliopatikana, robo tatu walikuwa ndani ya mita 500 kutoka walipopotelea. Na kilichosaidia zaidi ni kutoka kwa miguu na kutafuta kweli kweli. Akajifunza pia kwamba paka aliyeogopa au kuumia hajibu akiitwa, hata na anayemlisha. Anajibanza kimya. Kwa hiyo kuzunguka mchana unapiga kelele ni kumzidishia hofu. Mtafute usiku, kukiwa kimya, na tochi chini chini, kwa sababu nyuma ya jicho la paka kuna utando unaorudisha mwanga. Utaona macho kabla hujaona paka.

Jumatano wakamaliza upande wa barabara. Mapango madogo ya mawe ya matumbawe, vichaka, chini ya magari. Wapi. Dada alirudi chumbani akaandika ujumbe wa kwenda Muscat, akaufuta. Akaandika tena: "Boflo mzima, ila leo kalala." Huo nao akaufuta.

Alhamisi baada ya Isha, mwezi ulikuwa haujatoka, giza safi. Watoto sita, mvuvi, dada na bibi na kanga yake mabegani. Nyuma ya pagala moja, nyumba iliyosimama kwenye lenta miaka mingi, mtoto mdogo kuliko wote akanong'ona, "Taa mbili."

Macho mawili ya kijani, katikati ya rundo la matofali. Hata hatua 100 kutoka mlangoni kwa dada hazifiki. Alikuwa amepita hapo Jumapili mara nne, anaita.

Dada akapiga magoti. "Boflo." Macho hayakusogea. "Boflo, njoo baba." Kimya.

Bibi akachuchumaa taratibu, akaita kwa sauti ya chini kama anayembembeleza mtoto: "Sultani. Sultani wangu we."

Ukatoka mlio mmoja mwembamba.

Dada alifurahi na akaona wivu hapo hapo, vyote kwa pamoja. Paka wa kwake, na kajibu jina la jirani.

Mguu wa nyuma ulikuwa umevimba, pengine pikipiki usiku ule wa sherehe, hakuna aliyeona. Asubuhi daktari wa mifugo akaitwa. Hakuna mfupa uliovunjika. Gharama ikalipwa kwa mchango: bibi alitoa, mvuvi alitoa, na watoto wa chuoni walileta sarafu kwenye mfuko wa nailoni, wakataka zihesabiwe mbele yao.

Ijumaa saa 10 simu ikalia.

Angeweza kumuonesha Boflo usoni tu, bendeji isionekane, dakika 20 ziishe salama. Badala yake alimuonesha mguu kwanza, akaeleza yote, tangu Jumamosi. Upande wa pili kimya. Kisha shosti akauliza kitu ambacho dada hakukitegemea: "Bibi yupo karibu? Hebu mpe simu."

Kumbe Boflo alizaliwa barazani kwa yule bibi. Yeye ndiye aliyempa shosti akiwa kitoto cha mkononi. Na tangu aende Muscat, shosti alikuwa hajasikia sauti ya bibi huyo hata mara moja, kwa sababu bibi hana simu janja, na mwenzake aliyemwachia paka hakuwahi kuvuka kichochoro kumpelekea simu.

Wakazungumza dakika zote 20. Paka alikuwa kapakatwa katikati, kalala. Safari hii hakuna aliyesema asogezwe kwenye kamera.

Siku hizi simu ya Ijumaa inapokelewa barazani. Dada anajua majina ya watoto wote sita, na wa yule mvuvi anajua mpaka wa mama yake. Boflo anachechemea kidogo lakini ratiba yake ya nyumba tatu imerudi.

Kazi iliyobaki ni moja. Mkataba wa Muscat unaisha mwakani, na shosti amesema akirudi anahamia mjini na paka wake. Bibi kasikia, kacheka, kasema Sultani hendi popote. Watoto wa chuoni nao wametangaza Messi hauzwi.

Haya, hapo mwenye paka ni nani?