Masharti ya Darasa Letu la Kiingereza

Walimu wenzetu wametuuliza kwa nini mwezi wa Septemba, tulipofungua tena darasa la Kiingereza hapa Lusangi, hatukusoma ile karatasi ya masharti kumi na mawili ambayo mwaka uliotangulia tuliibandika ukutani kwa uji wa muhogo. Jibu lake si fupi, wala halitusifu. Twalieleza hata hivyo, kwa maana huenda mwingine anaandika karatasi kama ile sasa hivi.

Kwanza tuseme darasa lenyewe ni la namna gani. Kwa sheria ya tarehe 11 Februari 2014, elimu ya msingi katika Kongo ni miaka minane. Mwaka wa tisa ndio mwaka wa kwanza wa humanite. Sisi tu katekista, lakini kwa kuwa tulisoma seminarini na twajua Kiingereza kuliko wengi wa hapa (nayo si sifa kubwa), Bwana Prefe alituomba tuwachukue wale ishirini na wanne waliopata pointi nyingi katika lugha, tuwafundishe zaidi ya wenzao, Jumanne na Alhamisi kuanzia saa nane mchana. Vitabu tulivyo navyo ni vinne, kila kimoja kwa watoto sita.

Wazee wengine walinung'unika. Kifaransa ni lugha ya serikali, Kiswahili ni lugha ya njiani na ya kanisani. Kiingereza cha nini? Tuliwajibu kwamba tarehe 8 Aprili 2022 nchi yetu ilitia sahihi mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na mkataba ule wa 1999 ulisema lugha rasmi ni Kiingereza, Kiswahili kikikuzwa kwa mazungumzo ya watu wote. Kiswahili twacho tayari, ijapokuwa ndugu zetu wa pwani hukicheka Kingwana chetu. Basi watoto wetu wasije wakakaa katika nyumba ile bila kuelewa yanayoandikwa mezani.

Karatasi ya masharti tuliiandika usiku mmoja. Katika seminari ndogo tuliyosoma, mlango ulifungwa kengele ikiisha kulia. Kiswahili kilikatazwa siku za masomo. Aliyeteleza alivikwa shingoni kibao tulichokiita simbole, akakaa nacho mpaka amnase mwenziwe. Desturi hiyo haikuwa ya kwetu tu. Ngũgĩ wa Thiong'o, mwandishi wa Kenya aliyefariki 2025, alisimulia katika kitabu chake cha 1986 jinsi watoto walivyoadhibiwa shuleni kwa kusema Kikuyu. Sisi kibao hatukukirudisha, na kwa hiyo tulijiona wapole.

Sharti la kwanza: mlango hufungwa saa nane kamili. La tatu: darasani ni Kiingereza tu, hata kuuliza swali. La saba: kazi ya nyumbani ikichelewa siku moja haipokelewi. La tisa: anakilie kazi ya mwenziwe apata sifuri, na aliyemwazima pia. Mengine yalihusu madaftari, usafi, na kutokula miwa darasani. Hayo hayakumdhuru mtu.

Mwezi wa Novemba tuliwapa kazi ya kuandika ukurasa mmoja juu ya shughuli za mama nyumbani. Tulikuwa tumewafundisha maneno ya jikoni na ya shambani, tukaona kazi hii nyepesi. Usiku, tukisoma kwa taa, tukakuta karatasi mbili zinazofanana kama mapacha. Mama anaamka, anachemsha ngazi, anazitwanga, anakamua mawese, anapeleka chupa sokoni. Hata kosa lilikuwa moja. Mama aliamka saa moja asubuhi, na wote wawili walilitafsiri neno kwa neno, hata kwa Mwingereza mama huyo akawa ameamka saa saba ya usiku. Tulicheka. Kisha tukatazama jina lililo juu ya karatasi ya pili, kicheko kikaisha. Mama wa kijana yule alizikwa miaka miwili kabla. Padri alikuwa safarini, na sala za kaburini tulizisoma sisi wenyewe.

Ingetosha kumwita kando. Alhamisi tulisimama mbele ya wote, tukasoma sharti la tisa, tukawapa wote wawili sifuri, halafu tukamwuliza kijana, kwa Kiingereza kilichonyoka, mama huyo uliyemwandika ni mama gani. Twakumbuka kwamba tulijivunia swali lile kidogo. Hakujibu. Mwenziwe akasimama, akavunja sharti la tatu.

"Hana mama, mwalimu. Nilimpa wangu."

Tukamwambia aseme kwa Kiingereza au akae. Akakaa.

Jumanne iliyofuata kijana hakuja, wala Alhamisi. Huku kwetu kijana asipoonekana shuleni, watu husema amekwenda Salamabila kwenye machimbo ya dhahabu, na mara nyingi ndivyo. Wapo tuliowafundisha katekisimu ambao tangu kwenda huko hatujawaona tena. Tukashikwa na hofu, tukaenda kwa nyanya yake anayemlea.

Tulimkuta akianika muhogo. Alituletea kiti, akatuamkia kwa heshima zote kama anavyotuamkia siku ya Misa, nasi tungependa zaidi atutukane.

"Mwalimu, yuko kwa mjomba wake, anafyatua matofali. Hakwenda mbali."

Tukamwuliza, "Lakini mama, kwa nini hakutuambia kwamba kazi ile ni ngumu kwake?"

Akatutazama kidogo. "Alisema kuuliza ni kwa Kizungu tu, na Kizungu cha kuulizia hana. Tena alisema siku ikipita hupokei. Basi angefanya nini, mwalimu? Umemwambia aandike mama."

Tulirudi polepole. Kila sharti peke yake lilikuwa na sababu yake. Mtoto asiposema Kiingereza darasani, atakisema wapi? Kazi zikiletwa ovyo, mwalimu atasahihisha lini? Lakini yakiwekwa pamoja yalimfungia kijana huyu kila upande: la tatu lilimziba kinywa, la saba lilimkimbiza, na la tisa lilikuwa likimngoja mwisho wa njia.

Na hilo la tisa lilitusumbua siku nyingi kuliko mengine. Mtoto wetu amefika mwaka wa tisa akiwa amefunzwaje? Vitabu hakuna. Mwalimu huandika ubaoni, mtoto hunakili. Anayenakili bila kuacha nukta husifiwa, daftari lake huonyeshwa wengine. Siku ya mtihani huyarudisha maneno yale yale, naye hupata pointi. Sisi makatekista hatumo nje ya jambo hili: swali na jibu, swali na jibu, mpaka mtoto atoe jibu bila kupepesa macho. Miaka minane twamfunza kunakili, na mwaka wa tisa, kwa mstari mmoja ulioko ukutani, twamwambia kunakili ni wizi. Ni wizi kweli, kazi ya mwenzako si yako. Ila hakuna aliyemwonyesha mpaka unapita wapi. Na ile karatasi ya masharti tuliitoa wapi sisi? Tuliinakili kwa wakubwa wetu wa seminari, pamoja na makosa yake, kama wale vijana na saa moja yao.

Tukaifungua tena Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, ambayo ujanani tuliisoma kwa kupiga miayo. Mtu huyu wa karne ya 6 hakuwa mlegevu hata kidogo. Lakini katika sura ya 43 anaagiza kwamba zaburi ya kufungulia sala ya usiku isemwe taratibu, ili aliyechelewa apate kufika. Na anayefika baada yake asiachwe nje, bali aingie asimame mahali pa mwisho, maana akiachwa nje huenda akarudi kulala au akakaa kupiga soga. Aliyeandika hivyo alikwisha kuwatazama watu wanaochelewa. Sisi tulikuwa tumetazama saa tu.

Kijana tulimwomba radhi mbele ya darasa, kwa sababu mbele ya darasa ndipo tulipomwaibisha. Alikuwa amerudi baada ya wiki tatu, viganja vimechubuka. Sifuri ya karatasi ile hatukuifuta, wala ya mwenziwe. Bwana Prefe alitaka zifutwe, tukakataa, na hata leo hatujakubaliana. Lakini tuliwapa wote wawili kazi nyingine. Yeye aliandika nusu ukurasa juu ya nyanya yake na muhogo, makosa kumi na saba. Tulimpa 11 juu ya 20, nazo zilikuwa zake.

Karatasi ya sasa tuliitunga pamoja na watoto, nayo ina masharti matano. Swali laweza kuulizwa kwa lugha yoyote, kisha darasa lote hulitafutia Kiingereza chake. Maswali yamezidi mno, siku nyingine hatumalizi somo. Kiingereza peke yake ni saa ya pili. Kazi iliyochelewa hupokelewa kwa muda wa wiki moja, ikipunguzwa pointi. Aliyesaidiwa huandika chini jina la aliyemsaidia na mahali aliposaidiwa. Hapo pana wajanja: mmoja aliandika majina ya wenziwe kumi na mmoja, na juu yake mistari minne. Mlango nao hubaki wazi mpaka mwisho wa sala, nasi sala twaisema taratibu. Wanaofaidika hasa ni wasichana, ambao saa nane wengi wao bado wako mtoni na ndoo zao. Zamani tuliwaandika wavivu.

Siku ya kuyasoma masharti hayo, mwezi wa Septemba, tulitoka mazikoni tukafika darasani saa nane na robo, watoto wamekaa wanangoja. Tuliposoma lile la mlango, msichana wa mstari wa mbele akainua mkono, akauliza kwa Kingwana kama linamhusu mwalimu pia. Darasa likanyamaza. Tukamwambia swali hilo latafutiwa Kiingereza chake. Likatafutwa, likaandikwa ubaoni, na chini yake jibu. Sala ilipofika tuliisema tukiwa tumesimama nyuma, karibu na mlango.